Neno Nililoliongeza Kortini

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kwa woga. Nilikuwa karani na mkalimani wa korti: shahidi anasema Kiswahili, mimi namwambia hakimu kwa Kiingereza, naye anaandika. Anaandika maneno yangu, jamani, si ya shahidi! Hilo ndilo lililonitia hofu.

Hakimu Mkazi, mama mkali wa miwani, aliniita ofisini kwake. "Karani, unajua 'certainly', yaani 'kwa hakika', ilitoka wapi?" Akajijibu mwenyewe: "Asili yake ni Kilatini, katika neno la kuchekecha. Umechekecha, makapi yameondoka, kilichobaki ndicho hicho. Shahidi asipochekecha, wewe usimchekechee."

Nilishika hayo miaka mingi. Kisha nikahamishiwa korti nyingine, kwa Hakimu Mwandamizi asiyependa mashahidi wa kusitasita. "Anasema ndiyo au la?" alikuwa akinguruma. Nami kwa woga nikazoea kunyoosha majibu ya watu ili nimridhishe.

Siku moja mama mmoja muuza mboga wa Kware aliulizwa kama aliyevunja kibanda chake ni kijana aliyekuwa kizimbani, kibarua wa kiwandani aliyekaa mtaa wa Pipeline. Mama akamtazama sana. "Aki Mheshimiwa, naona ni kama huyu."

Hakimu alishainua kalamu. Nikatafsiri kwamba ni huyu, nikapachika na "certainly." Akaandika. Nilitaka kusema nimekosea, ulimi ukakauka. Niliogopa kufokewa, niliogopa kufutwa, na watoto wangu walikuwa shule. Kijana akafungwa miaka mitatu.

Sasa nimestaafu, nakaa Mowlem, na kila mtu akipiga hodi roho inaruka. Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, pensheni haiondoi hofu ya namna hiyo. Juzi mchana nikinunua maziwa dukani, mtu akasimama kando yangu. Mvi zimemwingia, lakini nilimtambua papo hapo: yule kijana wa kizimbani.

"Niaje mzee. Si wewe ndo ulikuwa unatafsiri kule kortini?"

"Unanifananisha," nikasema.

Akanitazama sana, jinsi yule mama alivyomtazama yeye. Nikangoja ngumi.

"Pengine. Siko shua," akasema. "Na kama sina hakika, siwezi kukusingizia. Pole, mzee."

Akachukua mkate wake akaenda. Nilitaka kumwita. Ulimi ukakauka tena.