Meno Kwenye Kekee ya Bi Atija

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo nashika kichwa. Nilikuwa kijana, najifunza ufundi wa fedha kwa mjomba wangu hapa Mocímboa. Shule niliishia darasa la pili, lakini mkono ulikuwa mwepesi. Nasema mwenyewe, sioni haya.

Bi Atija wa kijiji cha Mute alileta kekee yake, ile bangili pana ya fedha. Pini ya kifungo ilikuwa imekatika. Mjomba hayupo, bibi akanipa mimi. "Tia pini tu, mwanangu." Nikatia. Kisha nikaona ukingo una vishimovishimo, kama umegugunwa na panya. Ujuaji mwingi, mbele giza: nikachukua tupa, nikausawazisha, nikasugua kwa ndimu na mchanga mpaka ikang'aa yote.

Alipoijia, nilijiweka tayari kusifiwa. Akapitisha kidole gumba ukingoni. Akarudia. Akarudia tena.

"Meno yako wapi?"

"Meno gani, bibi?"

"Meno ya Zena! Alipokuwa akiota meno aliitafuna hii, nimempakata. Mwanangu yuko kaburini, wewe! Meno yake ndiyo niliyobaki nayo!"

Mjomba alikuwa amefika mlangoni, amesikia yote. Hakunipiga, heri angenipiga. "Fundi wa kusugua masufuria," akasema, "kwangu umefuata nini?"

Bi Atija aliiacha kekee mezani, akaenda zake. Tulimfuata Mute mara mbili. Hakuipokea. "Hiyo si yangu," akasema, akatukaribisha chai.

Basi wewe unayekusanya vito vya kale, nisikilize. Mimi napenda fedha iliyofifia, iliyolika upande mmoja, hata iliyoungwa ovyo na fundi mlevi. Inayometameta siitaki dukani kwangu. Juzi kijana mmoja wa ofisini kaniletea furungu la mguuni la bibi yake. Kaliloweka kwenye dawa ya kusafishia choo! Wallahi nilikaa chini. Mtu kasoma miaka yote ile!

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kabla hujanunua, muulize mwenyewe: alivaa nani, mkwaruzo huu umetoka wapi? Akinyamaza, usimchokonoe. Ukishakipata, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Tupa iweke mbali. Fedha ukishaiondoa, hakuna fundi wa kuirudisha, hata mimi.

Nenda, mwanangu. Mola akupe jicho la kuona na mkono unaojua kujizuia, na watakaokurithi wakuombee dua. Amin.