Chungu chenye mrija mmoja

Leo mwanafunzi wangu amenisahihisha mbele ya darasa zima. Na ana haki.

Nilikuwa nawafundisha wanaoanza ushairi hapa kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, kupanga maneno mpaka yawe picha. Mfano wangu ubaoni ulikuwa chungu cha pombe ya mtama. Mistari ya kulala ilifanya tumbo la chungu. Juu yake nilisimamisha mistari sita, ndiyo mirija ya kunywea pamoja.

Mama Kezia akaandika chungu kizuri kuliko changu, ila kina mrija mmoja tu.

"Mama, chungu hakinywewi na mtu mmoja. Ongeza."

"Hiyo sita yako ni ya nani, mwalimu?"

Nikawataja ninyi watano, rafiki zangu tuliokuwa tukinywa pamoja hapa, na mimi.

"Wako wapi?"

"Wamerudi Burundi."

"Sasa wanakunywaje? Mirija imevuka mpaka?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikachukua kifutio, nikafuta mitano.

Kilichobaki nimekinakili kwenye shajara yangu hii ya mtandaoni, chini ya tarehe ya leo. Chungu kinaonekana kikubwa mno.

Mkisoma hapa, kila mmoja aniandikie mstari mmoja. Hata mfupi. Nitausimamisha mahali pake.