Zamu ya Mama Kuwa Kimulimuli

Harufu ya rasta zinazochomwa ncha kwa mshumaa ni kali, inakwama kooni, na watu wengi hawaipendi. Mimi nikiisikia popote nasimama. Inanirudisha Mwanga, Kigoma, kwenye kichumba cha mabati nyuma ya soko, ambako dada mmoja aliyeitwa Sifa alikuwa akisuka nywele za wanawake tangu asubuhi mpaka jua linapoegemea milima ya ng'ambo ya ziwa. Harufu hiyo ilichanganyika na ya mawese yaliyokuwa yakichemka kwa mama lishe wa jirani, na ya dagaa waliomwagwa juani kando ya njia. Nilikuwa darasa la tatu. Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa kama cha wasichana wote wa shule ya msingi, kwa hiyo sikuwa na nywele za kusukwa pale. Nilikwenda kutazama ukuta.

Sifa alikuwa mkimbizi kutoka Baraka, upande wa Kongo. Alivuka ziwa peke yake katika miaka ile ya vita, na badala ya kwenda kambini kama wengine alipata nafasi ya kusuka mjini, akakaa. Mikono yake ilipokuwa haina kichwa cha kusuka, ilichora. Alichora hadithi za picha nyuma ya kalenda za zamani alizopewa na wenye maduka, ukurasa mmoja mmoja, kila ukurasa na visanduku vyake na maneno yakitoka vinywani mwa watu ndani ya viputo. Akimaliza, aliubandika ukurasa ukutani kwa vibanio vya nywele. Kalamu yake ilikuwa ya wino wa kawaida, lakini kulikuwa na rangi mbili ambazo hazikukosekana. Moja ilikuwa kijani ya rangi ya kucha, na hiyo ilikuwa ya kilemba. Nyingine ilikuwa njano ya bizari iliyokorogwa kwa maji, na hiyo ilikuwa ya mwanga.

Mwenye kilemba na mwanga alikuwa Kimulimuli. Mchana alikuwa mwanamke kama mwanamke yeyote wa sokoni. Baya likitokea, alijifunga kilemba cha kijani, mwili ukawaka njano, naye akaruka juu ya ziwa. Aliinua mitumbwi iliyopinduka, akawanyang'anya wezi nyavu za watu, akawavusha watoto waliopotezana na wazazi wao katika vita. Kimulimuli wa kwanza alikuwa na sura na kiwiliwili cha Mama Tatu, mwuza dagaa kutoka Ujiji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyekuwa akisukwa pale kila mara. Sisi watoto tulimwona akiruka ukutani na kisha tukamwona mwenyewe akipita na beseni kichwani, nasi tukampisha njia kwa heshima isiyo ya kawaida. Alijua kwa nini, na alitembea taratibu zaidi.

Kisha Mama Tatu akahamia Tabora kwa binti yake. Tukadhani hadithi imekwisha. Wiki iliyofuata ukurasa mpya ulikuwa ukutani, na ndani yake Mama Tatu alikuwa amekaa juu ya jiwe, anajifungua kilemba na kumfunga nacho mwanamke mwingine, mwembamba, mwenye mwanya. Tulimtambua mara moja. Alikuwa Konsolata wa Mwamgongo, aliyekuja kwa boti kuuza mawese na kusukwa nywele kabla ya kurudi kijijini.

"Kwa nini Kimulimuli amebadilika?" nilimwuliza Sifa.

"Ule wa kwanza alichoka mabega," alisema, mdomoni ameshika uzi. "Kilemba hakiwezi kulala bure. Kinatafuta mwenzake."

Mama yangu hakuwa mtu wa saluni. Tulikuwa wageni Kigoma. Baba alikuwa karani wa serikali aliyehamishwa kutoka Singida, na mama, aliyekuwa mwalimu huko, aliacha darasa lake ili amfuate. Aliahidiwa kwamba uhamisho wake wa kazi ungefuata. Haukufuata. Alikuwa mrefu na mkimya, na katika mtaa ule wanawake walioanza maneno kwa Kiswahili waliyamaliza kwa Kiha, naye akabaki akitabasamu bila kujua anatabasamia nini. Jirani akimsalimia "Mwakeye" asubuhi, alijibu kwa sauti ndogo na kuingia ndani. Alipiga pasi mashati ya baba hata yaliyokwisha kupigwa. Sikulijua jina la jambo lile wakati ule. Nilijua tu kwamba nyumba yetu ilikuwa na ukimya ambao nyumba nyingine hazikuwa nao.

Nilipoleta alama mbaya za hesabu, mama aliuliza ninakoshinda, akajifunga khanga na kunishika mkono mpaka saluni. Alikuja kugomba. Sifa alimtolea kigoda, akampangusia vumbi, akasema, "Karibu, mama. Uketi muzuri." Mama hakuketi. Aliinua macho ukutani ili apate la kulaumu, na alilipata upesi.

"Hapa umeandika batu," alisema. "Ni watu."

"Kwetu ni batu."

"Hawa watoto wanasoma Kiswahili cha shule. Ukiwaandikia batu, wataandika batu kwenye mtihani."

Sifa hakukasirika. Alichukua kalamu sikioni mwake, akampa. Mama aliitazama ile kalamu kwa muda, kisha akaketi, na alasiri yote akawa anasahihisha viputo, kimoja baada ya kingine. Tulipokuwa tunarudi nyumbani hakusema lolote kuhusu hesabu. Siku mbili tatu baadaye alisema anakwenda kuangalia kama yule binti amekosea tena.

Ndivyo walivyoanza. Kwanza alisahihisha, halafu akawa anaandika maneno yote mwenyewe, na Sifa anachora tu. Walibishana juu ya Kimulimuli aende wapi na aseme nini. Mama alitaka kila msiba uwe na sababu. Sifa alisema misiba aliyoiona yeye haikuwa na sababu. Wanawake waliokuwa wakisukwa walichangia, wengine kwa Kiha, na mama akawauliza bila aibu, "Hapo mmesema nini?" Nao wakamfafanulia. Akaanza kucheka mchana. Mdogo wangu Yona, ambaye hakuwa amefikia umri wa shule, alikaa kwenye mapaja yake na kusomewa kila ukurasa, na hakutofautisha hata kidogo kati ya watu wa ukutani na watu wa njiani.

Konsolata aliposhika mimba, Sifa alisema mwenye mimba hawezi kurushwa na upepo wa ziwa, na kwamba amekwisha kujua kilemba kinakwenda wapi. "Kwa mama mwalimu," alisema.

Mama alikataa. Alisema yeye ni mke wa mtu na hachorwi ukutani sokoni. Alisema hana sura ya kuruka. Sifa alimwacha akatae wiki nzima, kila siku akimwuliza upya kwa upole uleule. Kisha Jumamosi moja mama alitoa sandukuni gauni lake la kufundishia, la bluu lenye kola nyeupe, ambalo halikuwa limevaliwa tangu Singida. Alikaa mlangoni mwa saluni ambako mwanga ulikuwa mzuri, mgongo umenyooka, akachorwa. Wanawake waliokuwa wakingoja kusukwa walisogea kutazama. Sifa alichora Konsolata na tumbo lake akimfunga mama kilemba, na kisanduku cha mwisho kilimwonyesha mama amesimama ufukweni, kilemba kimekaa, mwanga unaanza kuwaka kwenye vidole. Hajaruka bado. Kuruka kulikuwa kwa ukurasa unaofuata. Yona aligusa bizari mbichi na kulamba kidole, akasema, "Mama anawaka."

Ukurasa unaofuata haukuchorwa. Wiki ileile gari lenye kipaza sauti lilipita Mwanga likitangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi mjini wajisalimishe wapelekwe kambini, na kwamba anayewaficha atachukuliwa hatua. Sokoni watu walianza kuangaliana upya. Mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa aliinuka na kusema atarudi kesho, na hakurudi.

Sifa alikuja nyumbani kwetu alasiri, ana kifurushi kimoja. Hakuwa amewahi kuja. Mama alimkaribisha sebuleni na kumpa maji, naye aliyashika bila kunywa.

"Mama mwalimu," alisema, "unaweza kusema miye ni mudogo wako? Kwa muda tu. Wakija kuuliza, useme tu hivyo. Nitalala hata jikoni."

"Ngoja baba Naomi arudi," mama alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Nitazungumza naye."

Baba aliporudi walizungumza chumbani, na kuta za nyumba zile za serikali zilikuwa nyembamba. Baba hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeogopa: "Nyumba hii si yangu. Nikigundulika nimeficha mtu, kazi imekwisha na sisi tutakuwa barabarani na watoto hawa. Unataka tulale wapi?" Mama alisema kitu ambacho sikukisikia. Baba akasema, "Ana kambi. Watampa chakula, watampa turubai. Hafi." Hapo Sifa, aliyekuwa amekaa mbele yangu, alikunywa maji yote mara moja, akaweka bilauri mezani taratibu ili isilie.

Mama alipotoka, Sifa hakungoja aambiwe. "Asante kwa maji, mama," alisema, akachukua kifurushi chake. Kwetu mgeni husindikizwa, hata aliyekuja kuomba chumvi. Siku ile mama alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, hakumsindikiza hata mpaka kwenye mwembe wa jirani. Nilidhani amesahau.

Asubuhi tulikwenda uwanja wa mpira, mama, mimi na Yona. Malori yalikuwa yamepangwa, watu wamekaa chini na magodoro na sufuria zao, wengine wakiitana majina. Tulimtafuta kwa muda. Tulimwona akiwa amekwisha kupanda, ameketi ubavuni mwa lori, na chini ya kwapa ameshika karatasi zilizoviringishwa na kufungwa kwa uzi wa rasta. Alikuwa amezibandua zote. Mama aliinua mkono. Sifa alimwona, nina hakika alimwona, na akainamisha kichwa kidogo kama mtu anavyomwitikia mkubwa wake njiani. Lori likaanza kuondoka kuelekea barabara ya Kasulu, na vumbi likainuka.

Yona alivuta khanga ya mama. "Mama," alisema, "si uruke?"

Mama alimtazama. Watu waliokuwa karibu hawakuelewa, ila mwanamke mmoja, mteja wa saluni, alielewa, akageuza uso upande mwingine. Yona alirudia, safari hii kwa sauti ya kubembeleza, kama vile alidhani mama hakusikia: "Ruka, mama. Mchukue." Mama alimbeba, akakiweka kichwa cha mtoto begani mwake, akasema, "Twende nyumbani." Njia nzima Yona aliendelea kutazama nyuma.

Miezi ikapita, na siku moja mama alipanda basi peke yake, bila kumwomba baba ruhusa, akapita Kidahwe na kuendelea mpaka kambini. Alirudi jioni amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alisema huko kuna akina Sifa wengi, na kila aliyeitwa alikuwa mwingine. Mtu mmoja alimwambia msusi kutoka Baraka amehamishiwa kambi nyingine, mwingine akasema amekwisha kurudi kwao. Mama hakulia mbele yetu. Siku iliyofuata alivaa gauni la bluu, akaenda ofisi ya elimu na kukaa kwenye benchi, na akarudi kesho yake na keshokutwa yake, mpaka wakachoka kumwona na kumpa darasa. Alifundisha Mwanga hadi tulipohamishwa. Baba naye alimwacha afanye hivyo, na hata alipostaafu sikuwahi kuwasikia wakilitaja jina la Sifa kati yao.

Kichumba cha mabati hakipo tena. Nilipopita kwa shughuli zangu nilikuta duka la simu, na saluni za siku hizi zina vioo na mabango ya picha za wanawake zilizopigwa chapa, wote wakiwa na sura moja. Baba alifariki, na mama anaishi nami Dodoma. Binti yangu anatazama katuni kwenye runinga, na aliposikia kwa mjomba wake Yona kwamba bibi aliwahi kuwa shujaa, alimwendea jikoni.

"Bibi, ni kweli ulikuwa unaruka?"

"Nilikuwa wa tatu," mama alisema. "Lakini zamu yangu haikufika. Mchoraji aliondoka."

Mtoto aliridhika, akarudi kwenye runinga. Mama aliendelea kuchambua mchele. Baadaye, bila kuniangalia, alisema, "Nimemdanganya. Zamu ilifika. Na wala haikuwa ya kuruka. Ilikuwa kusema tu, huyu ni mdogo wangu."

Nyumba yetu ya Kigoma ilikuwa ya vyumba vidogo na haikuwa na uzio. Mwenye shida aliuona mlango kutoka njiani na akajua abishe wapi. Hii ya sasa ni yetu wenyewe, ina chumba ambacho hakilalwi na mtu, na ina ukuta mrefu na geti la chuma ambalo mimi mwenyewe nilisimamia likifungwa. Hakuna anayekuja kuomba. Kila alasiri mama hubeba kiti chake, akalifungua geti na kukaa nje yake, kando ya barabara, mpaka giza liingie. Anawasalimia wapitao, wanaomjua na wasiomjua, na akiona aliyebeba kifurushi humwuliza anatoka wapi.