Nyimbo za Ru

Kwa miaka mingi nimekana kwamba najua kuimba kwa Kijapani. Nimekana kazini, nimekana kwenye harusi za watu, na juzi nimekana tena mbele ya wenzangu katika mkahawa mmoja wa Kijapani kule Jumeirah Lake Towers. Spika ilipiga wimbo wa zamani, na kabla sijajizuia nilikuwa nimemaliza ubeti mzima, vijiti vya kulia vikiwa vimesimama hewani. Nikasema niliusikia kwenye televisheni. Uongo mtupu. Wimbo ule naujua mpaka pale pa kuvuta pumzi, na kila nikiusikia, pua yangu inanusa sabuni ya vyombo, ile ya limau.

Hiyo ni harufu ya Ijumaa, nyumbani kwa shangazi Zuwena, Rashidiya. Pilau ilikuwa imeshaliwa, masufuria yameachwa jikoni na ukoko wake, kiyoyozi cha dirishani kinanguruma, na kila ndege iliposhuka uwanjani vikombe vilitetemeka kabatini. Hapo ndipo tulipoketi kwenye zulia la sebuleni kupigana vita.

Marehemu baba alikuwa kaka yake shangazi. Alipofariki, mimi na mama tulibaki huko ugenini, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile, na hata viza zetu zilitegemea hisani ya wenyeji wetu. Mama na shangazi walikuwa mawifi wa kweli kweli. Hawakugombana, maana ugomvi unataka watu wasemezane. Walisemezana kupitia kwangu. Shangazi alionja mchuzi akaniambia nimwambie mama yangu kuwa chumvi imezidi. Mama, aliyekaa hatua moja kutoka pale, aliniambia nimjibu shangazi yangu kuwa chumvi kaitia mwenyewe. Nami niligeuza shingo huku na huku nikifikisha salamu, nikijiona mtu mkubwa sana.

Mume wa shangazi alikuwa Mjapani. Tulimwita Ami Yusuf, jina alilochukua aliposilimu. Aliuza injini na vipuri vya magari yaliyokwisha tumika, na aliamini kwamba hakuna chuki isiyolainishwa na muziki. Kwa hiyo alileta mashine ya karaoke pamoja na kitabu kinene cha majina ya nyimbo, yameandikwa kwa herufi tunazozijua, akatufundisha mchezo wa kwao. Mmoja anaimba. Silabi inayomaliza jina la wimbo wake ndiyo lazima ianze jina la wimbo wa mwenzake. Anayekosa wimbo ameshindwa, anakwenda kuosha vyombo, na mshindi anabaki na maikrofoni kuimba wimbo mmoja wa kujipongeza. Wachezaji walikuwa mawifi wawili. Ami Yusuf alikuwa refa. Mimi nilikuwa mtu wa kufungua kurasa.

Kusoma hakukutusumbua. Ka, ki, ku zao ni ka, ki, ku zetu. Maana ndiyo hatukuijua hata chembe, na Ami Yusuf alikuwa na adabu mno hata asitutafsirie. Baadaye sana nilijifunza kwamba shangazi, kwa uso ule ule aliouvaa kwenye maulidi, alikuwa akiimba kumlilia mwanamume aliyemwacha kwenye baa ya bandarini.

Sasa, katika kitabu kile, nyimbo zinazoishia kwa ru zilikuwa nyingi kama mchanga. Zinazoanza kwa ru hazikujaza hata nusu ukurasa. Shangazi aliligundua hilo mapema. Ijumaa baada ya Ijumaa alichezacheza kidogo, akampa mama silabi rahisi mbili tatu, kisha akamtupia ru. Mama aliinamia ile nusu ukurasa, akatikisa kichwa, akasema, "Nimeshindwa," akajifunga kanga kiunoni akaenda jikoni. Mlango ukafungwa. Punde ile simu ya sebuleni ikafanya ting, maana ilikuwa laini moja na simu ya jikoni, na ukiinua mkono wa ile, hii huguna. Shangazi alikuwa akisikia ting hiyo anaongeza sauti ya mashine, anafumba macho, anaimba wimbo wake wa ushindi mpaka madirisha yanalia.

Niliona yote hayo, wapenzi, na nikayaelewa kwa akili yangu yote ya miaka tisa. Niliona mwanamke mkorofi anayemfanya mama yangu mtumishi, kisha anaimba kwa nguvu asisikie masufuria yakimshtaki. Nilimchukia shangazi kwa bidii ambayo kama ningeitia kwenye hesabu, leo ningekuwa mhandisi.

Nikatafuta silaha. Ami Yusuf ndiye aliyenipeleka shuleni asubuhi, na ndani ya gari nilimwomba anifundishe wimbo mmoja tu: unaoanza kwa ru na kuishia kwa ru. Alifikiri kwa muda wa taa nyekundu nzima, kisha akacheka. Ulikuwepo. Akaupiga mluzi, nikaufuata, na baada ya wiki kadhaa za kwenda shule ukanikaa kooni kama Fatiha.

Ijumaa ile shangazi aliimba wimbo wake wa mvua, ukaishia kwa ru kama kawaida, akampa mama maikrofoni bila kumtazama. Mama alishafungua mdomo kusema ameshindwa. Nikamnyang'anya maikrofoni, nikamwambia Ami Yusuf kwamba naimba kwa niaba ya mama. Refa akakubali kwa furaha ya mtu asiyejua anachokitenda. Nikaimba wote, mpaka neno la mwisho, halafu nikamwangalia shangazi na kumwambia, "Ru."

Shangazi hakukasirika, na hilo ndilo lililonishangaza. Alimtazama mama, kisha saa ya ukutani, kisha mama tena. Mama alikuwa na uso wa mtu aliyesahau kitu kwenye teksi.

"Mwambie shangazi yako," mama akaniambia taratibu, "akapumzike. Vyombo nitaosha mimi."

Shangazi akainuka. "Mwambie mama yako sheria ni sheria," akasema, akaenda jikoni.

Basi mama akabaki na maikrofoni. Nilitarajia busu. Nilichopata ni kufinywa pajani, chini ya kanga, mfinyo wa kukumbukwa. Ami Yusuf akamchagulia wimbo wa ushindi, na mama alikuwa kwenye ubeti wa kwanza simu ilipolia. Haikuguna, ililia hasa. Mama aliruka maneno, akanyoosha mkono kuelekea simu, lakini waya wa maikrofoni ulikuwa mfupi. Mlio ukakatika. Shangazi alikuwa ameshaipokea jikoni.

Mama aliendelea kuimba. Sijapata kumsikia mtu akiimba vile, kila neno kama anatema kokwa. Shangazi alirudi mikono ikichuruzika povu la limau, akasema kwa hewa tu, si kwa mtu, "Wamekosea namba," akakaa.

Siku chache baadaye alikuja mwanamume aitwaye Hemed na pikapu yake ya kubebea magunia ya viungo huko Al Ras. Alifika na kadhi na mashahidi wawili. Hakukuwa na ngoma, hakukuwa na hina, hata posa haikuzungumzwa kama posa. Kufika magharibi mama alikuwa mke wa mtu, na mimi nilikuwa nyuma ya pikapu juu ya magodoro yetu, tukielekea Sharja.

Mama alinieleza upande wake nilipokuwa chuo kikuu. Nyimbo za ru alizijua zote. Alishindwa kwa makusudi, kwa sababu jikoni ndipo palipokuwa na mlango wa kufunga na simu ya kumpigia Hemed. Mjane hawezi kupanga mume mwingine sebuleni kwa dada wa marehemu. Tena Hemed alikuwa mtu wa inshallah: mwaka mzima aliahidi kuja, mwaka mzima hakuja. Siku niliyomshindia mama vita vyake, Hemed alingoja simu, hakuiona, akapiga mwenyewe.

Lakini alichoambiwa na shangazi, mama hakukijua. Alichojua ni kwamba mwanamume wake wa inshallah alitokea mbio mbio kama anayeokoa mtu kwenye moto, akamwoa kama anapakia gunia. "Wifi yangu kanisema vibaya," alikuwa akituambia kila sikukuu. "Kanivunjia heshima mpaka nikaolewa bila hata hina." Akimuuliza mumewe, Baba Hemed alicheka tu. Alikwenda kaburini bila kusema, na mwaka jana mama akamfuata, kinyongo chake kikiwa kizima.

Baada ya khitma ya mama, shangazi alinipigia. Ami Yusuf naye hayupo siku nyingi, lakini shangazi mwenyewe bado yuko Rashidiya, bado ana simu ya mezani. Alitaka sufuria lake kubwa tulilopikia. Nikamwambia nitalileta. Kisha nikamuuliza alimwambia nini Hemed kwenye simu ile, maana alikuwa amebaki yeye peke yake wa kuulizwa.

"Nilimwambia nimemchoka mama yako," akasema. "Nikamwambia, kama unamtaka, njoo wiki hii na kadhi. Usipokuja, nampandisha ndege arudi Unguja, usimwone tena."

"Ungempandisha kweli?"

"Alikuja au hakuja?"

Nilikuwa nasikia ile ting, na mashine ikipandishwa sauti juu yake, Ijumaa zote zile.

"Shangazi, kumbe ulijua tangu mwanzo. Zile ru ulikuwa ukimpa makusudi."

"Wewe mtoto, ulidhani sina nyimbo nyingine?" Akakohoa. "Nilitaka chumba changu cha nyuma. Simpendi mama yako, Mungu amrehemu, na yeye hakunipenda. Usije ukaandika kwamba nilimpenda."

Akakata simu.