Niliuza Landrova ya mama mkwe, nikamdanganya

Nimekosa mimi, ndugu zangu. Si shetani, si marafiki wabaya. Ni mimi mwenyewe, na akili zangu timamu!

Baba mkwe alipofariki aliacha Landrova kuukuu. Mama mkwe akaniambia, "Kaa nayo mwanangu. Unitolee mahindi shambani, na siku nikiugua unifuate." Yeye aliishi kijijini, mbele ya Mpui. Sisi tulikuwa Milanzi, mjini.

Gari lenyewe lilikuwa baya, jamani! Mlango unafungwa kwa waya, dizeli linakunywa bila huruma. Lakini ukiingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne, hakuna tope la Ufipa lililolishinda.

Soko huria likaja. Vigari vidogo vya mtumba vikaanza kuonekana mjini, vinang'aa, vina redio ya kaseti. Wafanyabiashara wenzangu wa sokoni wakanunua. Mimi nikishuka kwenye Landrova, vijana wananicheka: "Bwana misheni huyo!" kwa kuwa magari ya namna ile yalikuwa ya mapadri. Niliona aibu mno.

Nikaipeleka Mbeya, nikaiuza kwa kubadilishana na kigari chekundu. Mwenye mali sikumuuliza! Mke wangu alilia. "Baba Grace, mama utamwambia nini? Na masika je?"

"Nitamwambia," nikajibu. Sikumwambia.

Masika yalipokolea ikaja habari kwamba mama ana hali mbaya, tumbo. Mke wangu alikuwa na mtoto mchanga, nikaenda peke yangu. Nilipofika, mimi na majirani zake tukamlaza kiti cha nyuma. Walitaka kunisindikiza, nikawakatalia. Niliogopa kigari kisije kikalemewa!

Mvua ikashuka njiani. Kwenye bonde la kwanza tu, gari likakalia tumbo. Magurudumu yanazunguka bure. Nikakata majani, nikatandika koti langu chini ya tairi, nikasukuma huku nalia. Halikusogea hata kidogo.

"Landrova ya mzee iko wapi?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Iko gereji, mama."

"Ile ingetupitisha hapa," akasema. Kisha akafumba macho.

Muda mrefu baadaye baba mmoja Msukuma aliyekuwa akilima jirani akatuona, akaleta ng'ombe wake wa jembe na mnyororo. Wakatuvuta mpaka pakavu. Akachungulia kiti cha nyuma, akavua kofia.

"Pole, ndugu yangu," akaniambia. "Huyu mama ameshatutoka."

Nyumbani mke wangu aliniuliza jambo moja tu. "Mama alisema nini mwisho?"

"Alikusalimia," nikamjibu.

Miaka imepita. Mpaka leo anawasimulia wageni salamu hiyo, na sura yake inang'aa. Mimi nakaa pembeni, naangalia sakafu. Ukweli sijamwambia!

Wewe uliyekabidhiwa kitu cha mtu, usikiguse kabla hujamuuliza. Na kama umeshakiuza, nenda ukamwambie leo hii, angali anakusikia.