Swali la Siri Kwenye Ghala la Mbugani

Nasma binti Yasini hakumwamini mtu, na hakuona haya kusema hivyo. Ukimrudishia sahani uliyoazima, aliigeuza kwanza kutazama kama ni ileile. Alizaliwa Kilwa, akawa karani wa chama cha ushirika mpaka chama kilipofunga milango, na mwaka 1995 akaolewa na Ridhwani, mfanyabiashara wa Kyela mwenye asili ya hukohuko pwani. Aliingia Mbugani, mtaa wa mji huo, na sanduku moja la nguo na madaftari matatu matupu. Alidhani amekuja kuwa mke tu. Kumbe shemeji yake, Khamisi, alikuwa akimsubiri kwa hamu kuliko hata bwana harusi.

Khamisi alikuwa na ghala. Siku hizo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kushughulika na mazao, na wakulima wa Mwaya, ambako mvua zikichachamaa maji huingia mpaka uvunguni, walileta mpunga wao ukae pakavu hadi watakapouhitaji. Kila mmoja alipewa kadi yenye namba. Ukija na kadi, unapewa magunia yako. Mambo yalikwenda hivyo mpaka mlevi mmoja alipookota kadi ya mwenzake njiani, akaja nayo, akaondoka na magunia manne. Khamisi mwenyewe ndiye aliyemsaidia kuyapakia kwenye mkokoteni.

"Shemeji," Khamisi alimwambia Nasma, "kadi peke yake haitoshi. Nitafutie kitu cha pili."

Nasma alilifanyia kazi jambo hilo wiki nzima. Alifikiria picha, lakini filamu ilibidi ipelekwe Mbeya kusafishwa, na mkulima gani atakubali gharama hiyo kwa ajili ya mpunga wake mwenyewe? Alifikiria sahihi, ila nusu ya wateja walitia msalaba tu, na msalaba wa huyu haukutofautiana na wa yule. Akanunua kidau cha wino, akachovya kidole gumba chake, cha mumewe na cha Khamisi, akavigandamiza kwenye karatasi. Kesho yake alizikodolea macho alama tatu asijue ipi ni yake. Akapasua kijiti katikati, nusu ibaki ghalani na nusu iende na mteja. Hapo ndipo alipopiga paja. Kijiti na kadi vitawekwa sanduku moja, na mwizi wa kimoja atakuwa mwizi wa vyote viwili! Kitu cha pili kisiwe cha kushikika. Kiwe kichwani mwa mtu.

Mpaka hapo, mimi nampa hongera. Wako watu wenye shahada ambao wasingefika alipofika. Tatizo ni pale alipochagua hicho cha kichwani.

Kwa wanaume alichagua jina la bibi mzaa mama. Kwa wanawake walioolewa akachagua jina la baba mkwe, lile la utotoni, si la ukoo. Nani atasahau jina la mkwe wake? Kwao Kilwa mkwe alikuwa mzee wa kupelekewa kahawa barazani na kutaniwa kidogo. Majibu aliyaandika kwenye daftari la pekee, akalifungia kwa ufunguo aliolala nao. Swali lenyewe aliliuliza kwa kunong'ona, mtu na mtu. Hakumwambia Khamisi. Hakumwambia mumewe. Siri ni siri, alisema, akajisifu kwa hilo. Lo! Angemuuliza hata jirani mmoja tu, hata muuza ndizi wa pale mlangoni!

Walioandikisha kadi msimu wa mavuno walikuwa wanaume, hata pale kadi ilipokuwa ya mke. Eliya wa Mwaya aliandikisha ya mkewe, Tupokigwe, kwa sababu shamba lilikuwa la mke na yeye Eliya hupotelea Karonga, ng'ambo ya mpaka, kwa biashara miezi mitatu mitatu. Alipoulizwa jina la baba mkwe wa mwenye kadi, yaani baba yake mzazi, alilitaja palepale. Jioni aliwasimulia watu wa nyumbani kwa baba yake huku akicheka, eti ghalani siku hizi kuna mwanamke wa pwani anayetaka majina ya wazee.

Desemba mvua zilipoanza, Tupokigwe alikuja kuchukua magunia yake sita. Ndani yake ndimo ilimokuwa mbegu yake. Majirani walikwisha kulima, na asipomwaga mbegu wiki hiyo, mwaka mzima watoto watakula kwa kuombaomba.

"Ugonile, mama," alisalimu, akatoa kadi kwa mikono miwili.

Nasma aliitazama namba, akainama, akanong'ona swali lake. Tupokigwe aliduwaa. Alimtazama Nasma kama mtu aliyepigwa kofi bila kosa. Kisha akageuza uso ukutani, akajifunika mdomo kwa khanga.

"Dada, nakuuliza wewe. Jina!"

Tupokigwe alizidi kuusogelea ukuta, na Nasma, kwa furaha ya mtu aliyenasa mwizi, akapaza sauti kumwita mgambo wa ghala. Zabroni alikuja mbio, akamkamata yule mama mkono.

"Amekuja na kadi ya watu," Nasma alisema. "Nimemuuliza neno analopaswa kulijua, hana jibu."

"Neno gani?"

"Hilo halikuhusu, Zabroni. Ni la siri."

Ndipo Tupokigwe alipotoa sauti, ndogo, akiwa bado ameutazama ukuta. "Ananitaka nimtaje mkwe wangu."

Zabroni aliuachia ule mkono kama ameshika chungu cha moto. Alirudi nyuma hatua mbili. "Mama Nasma! Umemuuliza nini mke wa watu?"

"Jina la baba mkwe. Kuna ubaya gani?"

"Mke wa mtu huku hamtaji mkwe wake! Hata kumwona hamwoni. Akisikia mzee anapita, anaingia porini mpaka apite. Neno likifanana na jina lake tu, analitafutia jingine. Na wale wawili wa mwezi uliopita, ulioniambia niwatimue, mmoja nikampiga fimbo? Na wao uliwauliza hili?"

Nasma alilifunga daftari la majina. Akakaa juu ya mzani. Alikumbuka jinsi yule mmoja alivyolia bila kujitetea, na jinsi yeye mwenyewe usiku ule alivyomwambia mumewe kwamba njia yake inafanya kazi.

"Nisamehe, dada," alisema. "Ngoja nikupe mpunga wako."

Akafungua daftari la ghala, akatafuta namba. Akaisoma mara moja, akaisoma tena. Magunia sita yalikuwa yamekwisha kutoka, Jumanne ya wiki iliyopita, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mwanamke alikuja na kadi hiyohiyo. Aliulizwa jina, akalitaja bila kumeza mate. Tena Nasma alimsifu kwa kujibu haraka!

Aliyelitaja hakuweza kuwa mwenye mali. Swali lake lilikuwa limemfungia mlango mwenye mali, likamfungulia mwizi, na yeye ndiye aliyelitunga.

"Aliyekuja kuuchukua alikuwa mwembamba," alisema. "Ana mwanya mkubwa. Kovu hapa, kwenye kidevu."

Tupokigwe aligeuka kutoka ukutani kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa umekwisha damu. "Hosiana," alisema. "Wifi yangu. Nilipolazwa Ipinda wiki iliyopita kwa malaria, yeye ndiye aliyekaa na wanangu. Alinipikia uji, mama. Kila siku aliniletea uji."

Binti wa nyumba ana ruhusa ya kumtaja baba yake, na Hosiana alikuwapo jioni ile Eliya aliposimulia. Kadi ilikuwa kwenye sanduku alimokuwa akitoa nguo za watoto. Akaichukua, akaenda nayo ghalani, akairudisha mahali pake.

Khamisi aliposikia alifoka. Polisi, leo hii! Tupokigwe akatikisa kichwa.

"Polisi watamwita mzee. Mimi na yeye tutasimamishwa chumba kimoja, nimtazame akimlilia mwanawe. Nitarudi kulala wapi baada ya hapo? Siendi."

"Basi mpunga umekwenda bure!"

"Umekwenda."

Alisema hivyo akaanza kukunja khanga yake aondoke. Nasma alisimama. Hakumwomba shemeji yake ruhusa. Aliingia ndani kwenye fungu la familia, lile ambalo Ridhwani alilitenga kwa shamba lao wenyewe, akamwambia Zabroni atoe magunia sita, ya mbegu, makavu, na amtafutie mama mkokoteni.

"Shemeji, umerukwa na akili?" Khamisi aliuliza.

"Ghala ndilo lililoutoa, na mimi ndiye niliyeutoa. Tutapanda sisi baadaye, au tusipande."

Magunia yalipofika mlangoni, Tupokigwe alisogea tena kwenye kaunta. Aliweka kadi, akainamisha uso, akausubiri mkono wa Nasma uandike na mdomo wake uulize. Nasma aliandika, akamrudishia kadi.

"Hujaniuliza," Tupokigwe alisema kwa woga.

"Nilikuuliza asubuhi, dada, na ulinijibu kwa kunyamaza. Mimi ndiye sikukusikia."

Tupokigwe alimshukuru kwa lugha ya kwao. Akasema "Ndaga," akaufuata mkokoteni mvuani. Nasma akamgeukia Zabroni na kumuuliza yule mama aliyempiga fimbo anatoka kijiji gani, na Zabroni akajibu kuwa hakumuuliza.