Siku Nilipomtangazia Bwana Pantoni Matanga

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana hapa Garsen wapo wazee ambao mpaka leo wakiniona wananiita Jillo Matanga, na jina hilo nililitafuta kwa mdomo wangu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, msimamizi wa kivuko, tukimwita Bwana Pantoni, mtu wa Ayalandi (ukimwita Mwingereza alinuna siku nzima, nami tofauti siioni, wote wanababuka kwa jua lile lile). Asubuhi moja nampelekea chai, namkuta na barua mkononi, macho mekundu, picha ya msichana iko mezani na mshumaa unawaka mchana kweupe. Nikamuuliza kulikoni, akanijibu kwa Kiswahili chake, "Jillo, kule nyumbani watu nafanya matanga ya dada yangu, Nora." Akarudi kulala.

Hapo ningeuliza swali moja tu, amekufa kwa ugonjwa gani, ningeokoka. Lakini kwetu mfiwa hahojiwi, wala moto hauwashwi jikoni kwake, majirani ndio humpikia, basi nikauzima moto wangu, nikaenda kumwambia jirani yetu Mama Hawa, na Mama Hawa ukimpa habari ni sawa na kupiga ngoma. Kufika adhuhuri uwanja umejaa mikeka, sufuria za wali zinatokota, wanaume wa kivuko wameacha kamba za kuvutia pantoni wamekuja kumpa pole bwana wao (malori yamepanga foleni ng'ambo ya mto yanapiga honi), na akina mama wameshaanza kulia.

Bwana akatoka na taulo kiunoni. "Nani nakufa?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Dada yako, bwana. Nora."

Jamani, sura ile sitaisahau. Alishika nguzo ya baraza, rangi ikamtoka, akauliza kwa sauti ndogo, "Simu nakuja?" Alidhani imeletwa simu ya maandishi, ya tanzia, akiwa amelala. Nikamwambia hapana, umeniambia wewe mwenyewe asubuhi, na huku nasema nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akaketi kwenye ngazi, akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Nora iko hai. Yeye napanda meli, nakwenda Amerika. Kwetu mtu nakwenda ng'ambo, watu nalilia yeye kama maiti, sababu hapana rudi. Hata mimi, watu nalia, mimi nakaa kwa kiti nasikia." Mama yao, akatuambia, alizaa watoto saba, na Nora ndiye pekee aliyekuwa amebaki nyumbani.

Wanaume walinitazama kama mtu wa kutoswa mtoni. Mama Hawa akasogea, akamuuliza, "Na wewe, mwanangu, mamako hujamwona tangu lini?" (Sikuwahi kusikia mtu akimwita hivyo.)

"Miaka kumi na moja."

"Basi matanga yapo. Jillo, pakua wali."

Hakuna aliyeondoka. Bwana alikula kwa mkono pamoja nasi, na malori yakangoja mpaka alasiri.

Niliapa sitatangaza tena kifo bila kuuliza, na kiapo hicho nimekishika. Lakini mwaka mwanangu wa kwanza alipopanda lori kwenda Mombasa kutafuta kazi melini, nilirudi nyumbani nikauzima moto. Mke wangu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ila nenda kaniitie Mama Hawa.